Bega Nililolificha Melini

Watu wa Lodwar wanalijua hili tayari, lakini nitalirudia: katika ukoo wetu mzima, mimi ndiye wa kwanza kuongoza meli. Si mtumbwi wa kuvulia samaki. Meli ya kivita, yenye mzinga mbele, jiko, chumba cha matibabu na mabaharia zaidi ya arobaini waliosubiri niseme neno ndipo usukani ugeuzwe. Nilitoka katika boma la mbuzi nikiwa na kandambili za mpira wa gari, nikarudi Luteni Kanali mstaafu. Diploma yangu ya uongozaji wa meli nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni aione kabla hajaniona mimi. Sikuwa na mjomba serikalini. Nilipandishwa kutoka baharia wa kufagia sitaha hadi chumba cha nahodha kwa kusoma vitabu ambavyo wenzangu walivitumia kuegemeza milango.

Nayasema haya ili ieleweke nilivyojisikia siku ile mjini Kakuma, mzee mmoja asiyeweza kuandika jina lake aliponitazama juu ya kikombe cha chai akaniita mtoto.

Tulikuwa katika hoteli ya Msomali mmoja, karibu na stendi. Binti yangu wa pekee ni muuguzi hukohuko Kakuma, na alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, Mturukana mwenzetu. Baba wa yule mwalimu ni mfugaji wa kando ya laga ya Tarach, mto wa mchanga unaotiririka wakati wa mvua tu. Nilikwenda kuonana naye nikiwa nimevaa koti langu la bluu lenye vifungo vya shaba, na nilimchukua kaka yangu mkubwa anisindikize. Kaka yangu hakusoma. Alibaki na mifugo, na hata siku ile alikuja na shuka, fimbo na kigoda chake cha mti.

"Ejok," nikamsalimu mzee.

"Ejok-nooi," akajibu, lakini macho yalikuwa kwa kaka yangu.

Nilianza hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandaa vizuri, kuanzia safari ya binti tangu chekechea hadi chuo cha uuguzi. Sikufika hata darasa la pili. Mzee aliinua kiganja.

"Huyu anayeongea ni nani?" alimwuliza kaka yangu.

"Mdogo wangu. Baba wa msichana."

"Amefanya asapan?"

Kaka yangu akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. "Alikuwa baharini," akasema.

"Baharini hakuna maksai?"

Meza ya pili walicheka. Mwenye hoteli naye alicheka, ingawa sidhani alielewa.

Kwa asiyetoka kwetu, asapan ndiyo inayomtoa Mturukana wa kiume utotoni. Unamchoma mnyama mkuki mbele ya wazee, mara moja tu, ubavu wa kulia, kwa mkono wa kulia. Akianguka, mzee aliyechaguliwa kuwa baba yako wa asapan anakupaka mavi mabichi ya tumboni mwa yule mnyama, na kuanzia hapo una nafasi katika akiriket, ile nusu duara ya wanaume wanaokula nyama na kuamua mambo. Kabla ya hapo wewe ni mtoto, hata ukiwa na mvi, hata ukiwa na pensheni. Mtoto hazungumzii ndoa ya mtu. Mwaka wenzangu walipochoma wanyama wao, mimi nilikuwa nakimbia kuzunguka uwanja wa Lodwar na namba kifuani, nikiandikishwa jeshi. Nilisema nitafanya nikirudi likizo. Likizo zikaja na kwenda.

"Basi nitaongea na wewe," mzee akamwambia kaka yangu. "Msichana nitamchukua kama wa kwako. Ni boma moja."

Alisema bila ubaya wowote. Kwake lilikuwa jambo dogo, kama kubadilisha kiti. Lakini mimi nilikuwa baharini binti yangu alipozaliwa. Nilikuwa baharini alipoanza shule, na alipong'oka jino, na wiki mama yake alipolazwa. Nilifika kwa mazishi tu. Nilikuwa nimejiapia kwamba katika jambo hili moja, jina la baba litakuwa langu.

Ndipo mdomo wangu ukafanya ulichofanya.

"Mzee," nikasema, "nitafanya asapan. Na si kwa mbuzi. Nitachoma maksai, tena mkubwa kuliko maksai yeyote aliyewahi kuchomwa kando ya Tarach."

"Mbuzi anatosha," kaka yangu akadakia haraka. "Siku hizi wengi wanachoma mbuzi."

"Maksai," nikasema.

"Ameshasema," mzee akamwambia kaka yangu, na kwa mara ya kwanza aligeuka akanitazama. "Mwezi mwembamba ukionekana nitakuja kwenu Lodwar na watu wangu. Ukichoma vizuri, nitaongea na wewe. Ukishindwa, nitaongea na mkubwa wako. Sitakuja mara mbili, mifugo yangu inahamia juu."

Akamaliza chai yake.

Njiani kurudi Lodwar kaka yangu aliibana fimbo yake katikati ya magoti, akaangalia barabara. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia lilikuwa limeanza kuuma.

Lazima sasa niseme habari ya bega, ambayo sikuwahi kumwambia daktari, wala kamanda, wala marehemu mke wangu.

Nilikuwa luteni kijana, miezi michache tangu nipate nyota. Tulikuwa tunafunga meli gatini, mchana kweupe, upepo ukisukuma kutoka nje. Kamba nene ya mbele ilivutwa kupita kiasi. Kamba ya namna hiyo ikikatika hairudi kama kamba. Inarudi kama nyundo. Nilimsukuma baharia mmoja aliyekuwa amesimama pabaya, na ncha ya kamba ikanipiga begani. Nilisikia kitu kikitoka mahali pake, kisha kikarudi.

Jioni nilimwambia muuguzi wa meli kwamba nimelala vibaya. Akanipa dawa ya kupaka. Sababu ni kwamba jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wanaokwenda kusomea unahodha ng'ambo, na katika jeshi mtu mwenye bega bovu hupewa meza na daftari la stoo. Sikutoka Turkana kwenda kuhesabu mablanketi. Nilikwenda ng'ambo, nikaipata ile diploma, nikawa wa pili darasani, na wa kwanza alikuwa mwenyeji wa nchi ile. Lakini mkono wangu wa kulia, tangu siku ya kamba, haupandi juu ya bega bila kunikata pumzi.

Sasa fikiria afisa wa majini asiyeweza kuinua mkono. Saluti ni kazi ya kutwa nzima. Unapanda meli, saluti. Unashuka, saluti. Kila baharia anayekupita anakupigia nawe unarudisha, na kadiri unavyopanda cheo ndivyo wanavyoongezeka. Nilimpata fundi cherehani mjini Mombasa akanipanulia makwapa ya makoti yote, nikazoea kuvaa kofia imeshuka kidogo mbele na kuinamisha kichwa kidogo sana kuufuata mkono. Watu walisema nina saluti yenye heshima. Wapo vijana walioiiga. Nilikuwa nikiwaona kwenye gwaride wakiinamisha vichwa, wazima kabisa, nami nikidhani wananicheka.

Kila mwaka kulikuwa na upimaji wa afya. Wiki nzima kabla yake sikuwa nalala vizuri. "Inua mikono yote miwili, afande." Nilijifunza kuinua nikizungumza, nikimwuliza daktari habari za watoto wake, nikijipinda kiunoni ili mkono uonekane umefika. Nilipita kila mara. Kila nilipopita, hofu ya mwaka uliofuata ilianzia palepale mlangoni.

Na mara moja haikupita hivihivi. Nilikuwa nahodha. Baharia mmoja aliteleza akaanguka majini, saa nne asubuhi, mawimbi ya wastani. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na boya. Nililirusha. Lilianguka nusu ya njia. Niliona uso wa yule kijana ukiliangalia boya likielea mbali naye. Koplo aliyekuwa nyuma yangu akalirusha la pili likamfikia, akavutwa, akatapika maji, akaishi. Kwenye ripoti niliandika kwamba maboya mawili yalirushwa. Ni kweli, yalirushwa mawili. Koplo yule hakusema neno, lakini kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja hakuniacha tena nisimame karibu na boya.

Mkuki hurushwa kwa mkono uleule.

Nilifanya nilichofundishwa kufanya ukiwa na hofu: niliandika mpango. Kurasa tatu, nikazipiga chapa kwenye duka la kompyuta hapo Lodwar. Saa moja na nusu, wazee kuwasili. Saa mbili, maksai kuingizwa bomani. Saa mbili na dakika kumi, kuchoma. Nilichora boma kutoka juu, nikaweka mshale kuonyesha upepo. Nilimpelekea kaka yangu akiwa anakamua ngamia.

"Hii nini?"

"Mpango wa shughuli."

Aliigeuza karatasi juu chini, akaichunguza ile picha. "Na maksai ameshapewa yake?"

"Yake nini?"

"Karatasi yake. Ili ajue saa mbili na dakika kumi anatakiwa akae wapi."

Wake zake walicheka hadi wakaachia chombo cha maziwa. Kaka yangu hakucheka. Aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye shuka, kisha akasema, "Kabadilishe useme mbuzi. Utasema daktari amekukataza. Hakuna atakayekucheka zaidi ya siku mbili."

"Kwani unadhani siwezi?"

"Nadhani umekaa kwenye kiti miaka mingi."

Nikaenda soko la mifugo siku hiyohiyo, kwa hasira, nikanunua maksai mweupe mwenye masikio meusi, shingo kama gunia la mahindi. Soko zima liligeuka nilipomtoa. Nilimfikisha bomani kwa kaka yangu naye akamzunguka mara mbili akimpapasa mbavu.

"Huyu umemnunua wa kutazamwa," akasema. "Ameshiba. Mkuki utapita kwenye mafuta kwanza kabla ya kufika mahali. Wa kuchomwa hutafutwa mwembamba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kuna sehemu ya kuniuliza kwenye karatasi?"

Zilibaki siku tisa. Niliomba mkuki wake, nikasema nataka kuunoa, nikaondoka nao kwenda Eliye Springs, ambako nilidhani hakuna atakayenijua. Nilipanga chumba kwenye nyumba za wageni ufukweni mwa ziwa. Kila alfajiri nilitembea hadi kwenye miti ya mikoma, mbali kidogo na chemchemi, nikajaza gunia mchanga mbichi, nikaliegemeza kwenye shina na kulirushia mkuki.

Siku ya kwanza mkuki ulianguka mbele ya gunia. Siku ya pili ulianguka kando. Nikiinua mkono kama wanavyoinua wanaume wa kwetu, bega linakata, vidole vinafunguka mapema, na mkuki unakwenda kama kijiti cha mtoto. Nilirusha mpaka machozi yakatoka, ya maumivu tu. Niliona uso wa kijana yule majini. Halafu niliona uso wa yule mzee wa Kakuma, baba mkwe wa binti yangu, ukiwa hauna ubaya wowote, ukigeuka kumtazama kaka yangu.

Siku ya tatu mtunza nyumba za wageni alinifuata. Alikuwa mwanamke mnene wa kutoka Lowarengak, mkali kwa utani.

"Mzee," akasema, "hii gunia imekukosea nini?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini? Gunia haikimbii na bado inakushinda." Akakaa kabisa kwenye mzizi, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. "Rusha tena nione."

Nikarusha. Mkuki ukaenda ulikokwenda.

"Haki hata mamba akikuona anaweza kulala usingizi," akasema. "Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nahodha wa meli ya kivita."

"Ya mkuki?"

"Ya mizinga."

"Ndiyo maana." Akainuka akinikunguta mchanga kwenye koti bila kuombwa. "Boti ya wageni imekuja na hakuna mtu wa kuizuia isigonge mawe. Wewe nahodha, nisaidie hiyo kwanza."

Boti ilikuwa inasukumwa na mawimbi upande. Kulikuwa na upondo mrefu, mti wa kusukumia boti, pale mchangani. Niliushika bila kufikiri, chini kabisa, karibu na nyonga, kiwiko kimebana mbavu, nikaingia majini hadi magotini, nikauelekeza kwenye ubavu wa boti na kusukuma kwa miguu. Boti nzima, na watu sita ndani yake, ikasimama. Bega halikusema kitu.

Nikabaki nimesimama majini na upondo.

Kabla sijawa luteni, kabla ya diploma, kabla ya kitu chochote ninachojivunia, kazi yangu ya kwanza jeshini ilikuwa hiyo. Nilikuwa baharia wa mbele ya mashua, yule anayesimama na upondo kuzuia mashua isigonge gati. Hakuna kazi ya chini zaidi ya hiyo, hata kufagia sitaha, na katika kusimulia maisha yangu nilikuwa nikiiruka kila mara. Miaka miwili niliifanya. Nguvu haitoki begani. Inatoka kwenye visigino, inapanda, na mkono unaielekeza tu.

Nilirudi kwenye gunia. Niliukamata mkuki chini, kwa mkono wa kulia, nikalikaribia hadi hatua mbili, nikasukuma. Mkuki ukaingia hadi nusu ya chuma. Mara kumi, mara kumi uliingia. Tatizo likawa jingine. Gunia halina pembe. Anayerusha husimama mbali. Anayesukuma lazima awe karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mnyama.

Siku mbili kabla ya mwezi kuonekana, nikiwa nimerudi Lodwar, binti yangu alikuja kutoka Kakuma. Alinikuta nikijaribu kutoa shati, akasimama mlangoni, akaniangalia jinsi nilivyoanza na mkono wa kushoto na kuuvua wa kulia mwishoni kama mtu anayevua soksi.

"Baba, tumia mbuzi."

"Umeanza na wewe?"

"Mimi ni muuguzi. Hilo bega limetoka na kurudi zaidi ya mara moja. Uliniambia ulikuwa unanibeba mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki wa kupigia saluti."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na miaka saba, Baba. Niliwaona baba wengine wanabeba na wa kulia." Akachukua shati akalikunja. "Mimi sijali nani ataongea. Baba mkubwa akiongea nitaolewa vilevile."

"Najua."

"Sasa?"

Nilimwambia, "Kila kitu chako kimeanza nikiwa sipo." Halafu akasema nikae kwenye kiti, akanikanda bega kwa mafuta mpaka maji ya chai yakachemka na kukaukia jikoni.

Wazee hawakuja saa moja na nusu. Walikuja walipokuja, jua limeshakuwa kali, wakakaa kwenye mchanga wa laga inayopita kando ya boma la kaka yangu, kwenye vigoda vyao kwa utaratibu wao, mkubwa wa rika mwanzoni na wengine wakishuka kwa umri wa asapan yao. Utaratibu ule niliujua mara moja. Ni kama meza ya maofisa melini, hakuna anayeelekezwa kiti na hakuna anayekosea. Baba mkwe alikuwa na watu wanne. Kaka yangu alikaa mahali pake, juu. Mimi nilisimama ndani ya boma la miiba na shuka moja kiunoni, bila vifungo vya shaba, na wanawake wa jirani walikuwa wakiangalia kupitia ua.

Maksai aliingizwa. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomkumbuka.

"Simama mbali kidogo, urushe," akasema mzee aliyekuwa awe baba yangu wa asapan, mwembamba, jicho moja lina ukungu.

"Nitamkaribia."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja upande wa wageni akasema kwa sauti, "Anataka kumwambia siri?"

"Mkuki ni wake," kaka yangu akasema.

Nilimzunguka yule mnyama ili niupate ubavu wa kulia. Aligeuka nami. Nikazunguka tena, akageuka tena. Nilikuwa nikihesabu hatua, jambo la kijinga, hatua sita, tano, kisha akainamisha kichwa nami nikaona pembe. Ningeweza kurudi nyuma. Nilikumbuka boya likielea nusu ya njia. Nikaubana mkuki nyongani, nikakanyaga mchanga kwa visigino na kuingia.

Ulipenya. Nilisikia unapenya mafuta, kisha kitu kigumu, kisha kitu kisicho kigumu. Ubavu wake ulinipiga ukaniangusha. Nilipoinuka alikuwa bado amesimama.

Alitembea. Mkuki ukiwa umening'inia ubavuni, alitembea hadi kwenye ua wa miiba, akasimama, akaangalia nje kama ng'ombe yeyote anayesubiri kufunguliwa.

Hakuna aliyesogea. Mtu mwingine akimgusa, asapan si yangu tena. Nikimchoma mara ya pili, nimeshindwa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umening'inia tu. Bega lilikuwa limetoka, nililijua hilo kama mtu anavyojua mlango wake umefunguka. Baba mkwe aliangalia jua, kisha akamwangalia kaka yangu. Kaka yangu alikuwa ameshika magoti. Niliona midomo yake ikitembea na nikagundua kwamba anaomba, mtu ambaye sijawahi kumwona akiomba hata kwenye kaburi la mama yetu.

Nimengoja majibu ya bodi za vyeo. Nimengoja mawimbi yapungue siku mbili bila kulala. Sijawahi kungoja kama vile. Nzi walikuwa wameshafika kwenye jeraha. Maksai alipumua, akaweka mguu wa mbele upya, akapumua.

Kisha magoti ya mbele yakakunjika, akalala ubavu wa kushoto polepole, mkuki ukielekea juu.

Wanawake walipiga vigelegele vya kwetu. Mzee mwenye jicho la ukungu alikuja, wakapasua tumbo, akachota yale mavi ya moto kwa viganja vyote viwili akaanza kunipaka usoni, kifuani.

"Inua mikono," akasema.

Niliinua wa kushoto.

"Yote."

Nilijaribu. Ulifika mahali ukakataa, na sauti ikanitoka mbele ya watu wote, sauti ambayo nilikuwa nimeimeza kwenye vyumba vya madaktari miaka yote ile. Mzee alinitazama. Akaushika mwenyewe mkono wangu kwenye kiwiko, akauinua kwa upole hadi ulipofika, akapaka kwapa, akapaka bega, akarudia bega mara ya pili na ya tatu, kisha akaushusha taratibu na kuuegemeza tumboni mwangu.

Nyama ilipoiva niliitwa kwenye akiriket. Nafasi yangu ilikuwa ya mwisho kabisa, mkiani, chini ya wanaume ambao nilipopewa meli walikuwa wanachunga wana wa mbuzi. Nililetewa kipande cha wa mwisho. Nilikila chote.

Siku nne nilikaa nyumbani kwa baba yangu wa asapan, nikinyweshwa maziwa kama mtoto mchanga. Siku ya tano baba mkwe, ambaye alikuwa ameisubiri hiyo siku kwa kunung'unika kuhusu mifugo yake, aliketi na watu wake mbele yetu. Binti yangu alikuwa amenirudishia bega mahali pake na kunifunga mkono shingoni kwa kitambaa cha kitenge, na sikukiondoa.

"Msichana huyu baba yake ni nani?" mzee akauliza, kwa sauti rasmi, kana kwamba hajawahi kutuona.

Kaka yangu alichukua kigoda chake, akakisogeza pembeni.

"Ni mimi," nikasema.

Aliutazama mkono wangu. "Mkwe," akasema, "na mkono huo umefanyaje? Ni maksai?"

Hotuba ya chekechea hadi chuo ilikuwa bado kichwani, yote. Sikuitumia.

"Si maksai," nikamwambia. "Uliumia melini, kwa kamba, kabla binti huyu hajazaliwa. Niliuficha ili nisinyimwe meli."

"Miaka yote?"

"Yote."

Mzee aligeuka kwa kaka yangu. "Wewe ulijua?"

"Mimi nilijua hawezi kurusha hata jiwe," kaka yangu akasema. "Alikuja likizo na magwanda yake meupe, mbwa akaingia kwenye maziwa, akamrushia kiatu. Kiatu kikamwangukia yeye mwenyewe."

Walicheka, upande wao na wetu, na mimi nilicheka nao hadi bega likauma. Mzee alifuta macho kwa ncha ya shuka, akakisogeza kigoda chake mbele kunielekea, na tukaanza kuzungumza habari za binti yangu.